Mwizi wa Midomo

"Simpendi."

Lenzi aliliona neno hilo likitoka mdomoni mwa mchumba wake. Akabana jicho kwenye kamera, hakuamini.

"Simpendi hata kidogo. Namuoa kwa sababu nimechoka kuulizwa nitaoa lini."

Yeye alikuwa juu, kwenye kijia cha chuma kinachozunguka ukumbi mzima, akitafuta pembe nzuri za kupigia picha za harusi yake mwenyewe. Fundi, huyo mchumba, alikuwa chini, mwisho kabisa wa ukumbi, amesimama kando ya mashine ya kufumia vitambaa, ameelekeana na rafiki yake Kipaza. Umbali ule hata mtu angekohoa usingesikia. Lakini kamera ya Lenzi ilikuwa na lenzi ndefu, iliyompa hata jina, nayo ilimsogezea uso wa Fundi karibu kiasi cha kuziona nywele za sharubu moja moja.

Ngoja nikueleze, maana utadhani nakupiga chenga. Ukumbi ule zamani ulikuwa kiwanda cha nguo. Siku hizi wameufagia, wameacha mashine chache pembeni ziwe pambo, na watu wanaukodi kwa ajili ya harusi, wapate kupiga picha kwenye matofali mekundu na mwanga unaoshuka kutoka madirisha ya paa. Enzi zake, mashine zikiwaka zote, ungeweza kupiga yowe sikioni mwa jirani yako na asikusikie. Kwa hiyo wafumaji walijifunza kuzungumza kwa midomo bila sauti. Walisengenyana, waligombana, walitongozana, huyu mashine ya kwanza, yule ya mwisho. Mama yake Lenzi alifuma humo tangu usichana wake mpaka siku geti lilipofungwa. Ujuzi huo akamfundisha bintiye jikoni kama mchezo wa watoto.

Binti akakua, akawa mpiga picha wa harusi. Sasa mpe mtu wa namna hiyo lenzi ndefu uone! Hakuna harusi aliyoipiga akatoka hajui nani anamteta nani.

Fundi hakuwahi kuambiwa jambo hilo, na Lenzi hakuona kwa nini amwambie. Midomo ile ile ndiyo iliyompa mwanamume. Kabla Fundi hajathubutu hata kumsalimia vizuri, Lenzi alishamwona akimwambia Kipaza kwamba dada wa kamera anamnyima usingizi. Tangu hapo alitembea ndani ya mapenzi yao kama mtu aliyeshaonyeshwa mtihani kabla.

Leo mtihani ulikuwa mwingine. Harusi ni Jumamosi, na hii ilikuwa Jumatano.

"Lenzi! Mbona umegandia huko juu?"

Sasa Fundi alikuwa amepaza sauti, anatabasamu, anapunga mkono hana hili wala lile. Lenzi alishuka ngazi za chuma akishikilia reli.

"Umepata picha?" Fundi aliuliza.

"Nimepata."

"Nzuri?"

"Kuna moja imetoka wazi sana."

Kipaza, ambaye kazi yake ni kusherehesha harusi na hata akinong'ona jirani wanaitika, alicheka.

"Shemeji, hapa ukisimama na shela lako, mwanga wa paani ukakupiga hivi, watu watalia! Mimi mwenyewe nitalia kwenye maiki!"

"Wewe utalia kwa sababu ya chakula," Fundi alimwambia, kisha akamgeukia Lenzi. "Taa nazipitisha juu ya mashine, meza ya keki inakaa pale kwenye nguzo. Na kiti cha dada nakiweka mstari wa mbele."

"Si alisema haji?"

"Alisema. Nitakiweka hivyo hivyo."

Dada huyo alikuwa hamsemeshi Fundi tangu mwaka jana. Alikuwa amemweleza mdogo wake siri, yeye peke yake, kwamba ameshapata chumba na anataka kumkimbia mumewe aliyemchosha kwa kipigo. Kabla hajahama, siri ikamfikia mume. Akatupiwa vitu nje mchana kweupe, majirani wanatazama. Dada akaapa kwamba aliyemwaga mtama penye kuku wengi ni Fundi, maana hakuna mwingine aliyejua.

Fundi alimtazama mchumba wake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Hivi Lenzi, wewe unadhani ile siri ilivuja vipi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

"Mbona umenuna?"

"Harufu ya mafuta ya mashine inanichefua. Naenda nyumbani."

Hakusubiri kubusiwa.

Mama alikuwa sebuleni, miwani puani, anashona shanga ndogo nyeupe kwenye shela la bintiye.

"Mama, harusi haipo."

"Nipe mkasi huo hapo."

"Mama! Nimesema harusi haipo."

"Nimesikia. Nani kafa?"

"Fundi hanipendi."

"Kakuambia?"

"Nimemwona akimwambia Kipaza. Kwa midomo yake. Anasema ananioa kwa sababu amechoka kuulizwa ataoa lini."

Sindano ilisimama hewani. Mama alivua miwani.

"Alijua kwamba unamtazama?"

"Nilikuwa juu, kwenye kijia. Angejuaje?"

"Kiwandani tulikuwa na jina la mtu kama wewe," Mama alisema. "Mwizi wa midomo. Watu wawili wakizungumza yao, wewe unageuza shingo. Hata kama ni mumeo, hata kama ni msimamizi anapanga kukufukuza kazi, unageuza. Asiyegeuza tulimtenga, hata chai hanywi na sisi. Bila adabu hiyo tungeuana mle ndani."

"Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi? Mtu kasema hanipendi, mwenye kosa ni mimi?"

"Sijafika huko. Nakuuliza, wewe ulimwambia Fundi kwamba unasoma midomo?"

Lenzi alijikuta anaokota shanga moja moja sakafuni.

"Miaka yote miwili?" Mama aliuliza.

"Sikupata nafasi."

"Hukupata nafasi! Mlikuwa mnapigana vita?"

"Mama, tafadhali."

"Nenda kamuulize."

"Nitamuulizaje bila kusema nimejuaje?"

"Ndiyo hapo sasa, mwanangu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

Akavaa miwani yake, akaendelea kushona. Jambo hilo lilimuumiza Lenzi kuliko maneno yote, kwamba mama anaendelea kushona shela la harusi ambayo haipo.

Jioni hiyo aliandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena, mwishowe akautuma kabla hajaogopa.

"Naomba tuahirishe harusi."

Simu iliita papo hapo.

"Lenzi, nimesoma vizuri?"

"Umesoma vizuri."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu unaijua."

"Mimi siijui. Niambie wewe."

"Moyo wangu umeniambia hunipendi."

"Moyo," Fundi alirudia. "Huo moyo wako uliambiwa na nani?"

"Fundi, usinichezee."

"Sikuchezei. Kuna mtu kakuletea maneno?"

"Hakuna."

"Umenisikia nikisema?"

"Sijakusikia."

"Basi umejuaje?"

Lenzi alifumba macho. Sentensi ilikuwa pale kwenye ulimi, fupi tu, nimekuona. Akaimeza.

"Mwanamke anajua," alisema.

"Sawa," Fundi alijibu, na sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Kesho mchana nipo kiwandani nafunga taa. Njoo unieleze usoni."

Kesho yake Lenzi alimkuta juu ya ngazi, mkanda wa vifaa kiunoni, anavuta waya kutoka nguzo hadi nguzo. Kipaza alikuwa chini akijaribu spika, "moja, mbili, moja, mbili," mpaka njiwa wa paani wakahama.

Fundi alishuka. Hakumsogelea.

"Haya. Nilisema nini?"

"Unataka nirudie mbele ya mtu?"

"Kipaza alikuwepo. Rudia."

Lenzi alikuwa amekesha na hasira, na hasira ni mshauri mbaya.

"Ulisema, 'Simpendi. Simpendi hata kidogo. Namuoa kwa sababu nimechoka kuulizwa nitaoa lini.' Hayo ndiyo uliyoyasema! Ukane sasa!"

Spika ilikwaruza ikanyamaza. Kipaza alimtazama Lenzi, akamtazama Fundi.

"Alisema saa ngapi maneno hayo?" Kipaza aliuliza. "Maana jana aliniambia nisimame hapa nimpe uso, nikasimama. Akaanza kuchezesha midomo bila sauti. Mimi nilidhani anasali!"

Lenzi alitazama kule juu kwenye kijia.

"Hakukuwa na sauti," Fundi alisema polepole. "Hata Kipaza aliyesimama mbele yangu hakusikia kitu. Umesikia wewe uliyekuwa kule juu."

"Ulinitega."

"Nilikutega. Na umenasa."

"Nani alikuambia?"

"Mama yako. Nilikwenda kumuuliza mashine hizi zilikaaje zamani, nijue pa kuweka taa. Akaanza kunisimulia na kucheka, walivyokuwa wanazungumza kwa midomo, na kwamba binti yake alimpita hata yeye mwenyewe. Alidhani najua! Nikacheka naye. Nilipofika kwenye pikipiki yangu nikashindwa hata kuiwasha."

"Fundi, ningekuambia."

"Lini? Tukishapata wajukuu?"

"Nilikuwa naogopa."

"Sikiliza, Lenzi. Kama uliniona nikimwambia Kipaza nimekufa nimeoza kwako, hiyo haina neno. Umeniibia maneno matamu, nimekusamehe. Lakini siku ya harusi ya binamu yangu mimi na dada tulisimama nyuma ya magari, peke yetu, akanieleza siri yake. Mpiga picha alikuwa wewe."

Kipaza alichukua waya wake akaanza kuuzungusha mkononi, huku anarudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni, akafika, akatoka. Mara ya kwanza maishani mwake aliondoka mahali bila kuaga.

"Ulimwambia nani?" Fundi aliuliza.

"Msusi wangu. Nilikuwa namwonea huruma dada, Fundi, nikamwambia msusi, nikasema maskini wifi yangu anapigwa. Huyo mmoja tu. Sikujua kama anajuana na ndugu wa mumewe."

"Na ulijua kwamba dada ananishutumu mimi."

"Nilijua."

"Ule usiku niliotoka kwake amenifungia mlango, nikaja kwako, nikalia. Nililia, Lenzi, mtu mzima na ndevu zangu. Ulinishika kichwa, ukaniambia nyamaza, ukweli utajulikana. Na huo ukweli ulikuwa umeukalia!"

Sauti yake ilizunguka kwenye kuta za matofali. Lenzi alianza kulia, lakini hata kilio chake kilikuwa na ubishi ndani yake.

"Na wewe dawa uliyoiona ni kuniambia hunipendi? Siku tatu kabla ya harusi? Ulishindwa kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekana. Nilikuuliza jana hapa hapa kuhusu siri ya dada, ukasemaje? 'Nitajuaje mimi?'"

"Nimelala na hayo maneno yako kifuani usiku kucha!"

"Najua. Na mimi nilikulaza nayo kwa makusudi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu yeyote. Nilitaka uumie kidogo." Akajifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi. "Nilipofunga mdomo nikajichukia. Lakini bado nilitaka kujua."

"Kwa hiyo unanipenda au hunipendi?"

"Hilo si swali la leo."

"Kwangu mimi ndilo swali."

"Kwangu mimi swali ni dada yangu. Sisemi harusi ipo, sisemi haipo. Nenda kwake ukamwambie. Si kwa simu."

Akapanda ngazi yake, akaendelea kuvuta waya. Alikosea kufunga mara kadhaa.

Wifi alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dobi, chumba chembamba chenye mvuke, mashati ya watu yananing'inia mpaka mlangoni. Alipomwona Lenzi hakuiweka pasi chini.

"Bibi harusi! Umeleta gauni lipigwe pasi au umeleta kadi? Kadi ilishafika, nimeifungia karanga."

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Sema shida yako, nina mashati."

"Si Fundi aliyetoa siri yako. Ni mimi."

Pasi ilisimama juu ya shati jeupe.

Lenzi alisema yote, haraka haraka kabla ujasiri haujamwisha. Alisema lenzi, magari, midomo, kiwanda, msusi. Hakujipamba. Alipofika kwenye msusi, Wifi alimkata.

"Msusi! Mtu mmoja tu, msusi! Si ungepanda tu juu ya bati ukatangaza, ungekuwa umewahi kumaliza!"

"Wifi, shati linaungua."

"Acha liungue!"

Moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Wifi hakuondoa mkono.

"Unajua siku ile mvua ilikuwa inanyesha? Naokota nguo zangu za ndani kwenye matope, watoto wa jirani wananitazama. Na unajua aliyekuwa kichwani mwangu si yule mume? Alikuwa mdogo wangu. Nimembeba mgongoni huyu, mama yetu akiwa kazini. Nikajiambia, kama huyu ameniuza, basi duniani sina mtu. Mwaka mzima ananipigia simu, nakata. Ananipigia, nakata. Na wewe ulikuwa pembeni yake ukimwangalia anavyopiga!"

"Ndiyo."

"Umekuja leo kwa nini? Dhamira imekusuta ghafla?"

Lenzi alitaka kusema jambo zuri. Akaona halipo.

"Nimekuja kwa sababu nisipokuja hanioi."

Wifi alimkazia macho. Hatimaye aliinyanyua pasi. Shati lilikuwa na alama ya kahawia katikati ya mgongo.

"Kumbe umekuja kujiokoa mwenyewe."

"Ndiyo. Lakini pia wifi, nilikuwa—"

"Usiongeze. Hilo la kwanza lilikuwa kweli, liache hivyo hivyo. Sasa toka dukani kwangu."

Lenzi alitoka. Njiani alimwandikia Fundi: "Nimemwambia."

Jibu lilichelewa mpaka akadhani halitakuja.

"Amenipigia."

"Amesemaje?"

"Analia tu. Na mimi nalia. Tutaonana Jumamosi."

"Tutaonana kama nini, Fundi?"

Ujumbe huo ulisomwa. Haukujibiwa, siku ile wala Ijumaa yote.

Jumamosi asubuhi Lenzi alikaa kitandani na kanga yake, hataki hata kuoga.

"Vaa," Mama alimwambia.

"Nikavae niende nikaaibike mbele ya watu wote?"

"Mtu kakuambia tutaonana. Hajakuambia usije. Vaa, mwanangu. Ukirudi na gauni lako, utalivua mwenyewe nyumbani kwako, hakuna atakayekuvua."

Alivaa. Mama alimfunga shela, mikono ya mama ilikuwa imara, lakini midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na Lenzi kwa mara ya kwanza hakuitazama. Aliangalia sakafu.

Kiwandani watu walikuwa wamejaa. Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya paa, mashine zilikuwa zimesuguliwa zinang'aa, taa za Fundi zilipita juu yake kama zilivyopangwa, na kila kitu kilikuwa kizuri kiasi cha kuumiza. Mfungisha ndoa alikuwa mezani anatazama saa yake. Kipaza alikuwa ameshika maiki na hana la kusema, jambo lililowatisha wageni kuliko kitu chochote.

Bwana harusi hakuwa mahali pake. Alikuwa mwisho wa ukumbi, kando ya mashine ile ya mwisho, amevaa suti, amesimama na dada yake. Walikuwa wanazungumza, na haikuwa salamu. Wifi alikuwa amekunja uso, anapiga kidole kifuani mwa mdogo wake kwa kila neno. Fundi alikuwa anatikisa kichwa. Spika zilikuwa zinapiga muziki mwororo, hakuna aliyewasikia.

Lenzi, kwenye mlango wa pembeni jirani na mashine hiyo, alikuwa ameelekeana nao kabisa. Midomo yote miwili aliiona wazi, hata lenzi haikuhitajika. Kinachozungumzwa pale kilikuwa maisha yake. Neno moja tu lingemtosha kujua kama aingie au ageuke akimbie kabla hajaaibishwa. Aliwahi kuiba maneno ya watu wasiomhusu, na haya yalimhusu kuliko yote.

Aligeuza shingo. Haikutosha, macho yalikuwa yanarudi yenyewe. Basi akageuka mwili mzima, akaupa ukumbi mgongo, akabaki na shela lake ametazama ukuta wa matofali.

Minong'ono ikalipuka.

"Anakimbia?"

"Ametazama ukuta, jamani, ana nini?"

"Bibi harusi!" mpiga picha aliyekodiwa, mwenzake wa kazi, alimwita kwa sauti ya chini. "Geuka huku, nakuomba, uso wako siuoni!"

"Niache hivyo hivyo," Lenzi alisema.

Mama alikuja akasimama kando yake. Alimshika kiwiko, wakatazama ukuta pamoja.

Kutojua ni kazi ngumu, ndugu yangu. Lenzi alisikia muziki ukiisha, ukaanza mwingine. Alisikia mtoto akiuliza kwa nini bibi harusi amepewa adhabu. Kisha alisikia viatu vya kisigino vikimjia kwenye saruji, vikasimama nyuma yake.

"Geuka," Wifi alisema.

Alikuwa amevaa vizuri, kilemba kimesimama. Macho mekundu.

"Umeona tulichokuwa tunazungumza?"

"Sijaona."

"Apa."

"Siapi, wifi. Ukitaka amini, usipotaka acha. Sijaona."

Wifi alimwangalia kwanza yeye, kisha Mama, kisha ukuta.

"Basi nitakuambia mwenyewe. Nimemwambia asikuoe."

Mama alifumba macho. Lenzi aliitikia kwa kichwa.

"Nimemwambia huyo mwanamke atakuwa ndani ya nyumba yako na masikio yake machoni. Nimemwambia hata mimi nikija kukutembelea nitakuwa nazungumza nimefunika mdomo kwa mkono. Nimesema yote niliyonayo. Unajua kanijibu nini?"

"Sijui."

"Utamuuliza mwenyewe. Mimi si msusi." Wifi alirekebisha shela la Lenzi begani, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mimi kukusamehe bado. Usije kunikumbatia mbele ya watu ukadhani yameisha. Lakini kiti changu nimekiona kule mbele, na sitakaa nyumbani mdogo wangu akioa."

Akaenda zake, akaketi, akauweka mkoba magotini kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Nyuma yake alikuwa amesimama Fundi. Tai ilikuwa imepinda. Kipaza, Mungu ambariki, alizima muziki.

Lenzi aliinamisha macho, akayaweka kwenye viatu vya Fundi, asiuone uso wala mdomo. Katika mapenzi yao yote hakuwahi kumuuliza Fundi swali ambalo jibu lake hakulijua.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilifika hadi kwa mfungisha ndoa. "Bado unanitaka?"

Viatu havikusogea.

"Nilikuwa nasubiri uniulize," Fundi alisema. "Nakutaka. Nina hasira na wewe, hasira hazijaisha, pengine tutagombana leo hii hii njiani. Na mimi nina langu la kukuomba radhi, nitakuomba tukiwa wawili. Lakini nakutaka, Lenzi. Inua uso."

Aliuinua. Fundi alikuwa analia bila kujificha, na Mama alikuwa tayari ametoa leso, akashindwa kuamua ampe nani kwanza, akaishia kujifutia mwenyewe.

"Mabibi na mabwana!" Kipaza alinguruma kwenye maiki mpaka madirisha ya paa yakalia. "Naomba mkae, harusi ipo!"